Chakula Hakina Dharura

“Mzazi hashindi na njaa nyumbani kwangu, Mama Nakunda. Huko kwenu Mlima sijui mnafanyaje, lakini hapa haijatokea na haitatokea leo.”

“Hana njaa. Shibe ndiyo inamuua. Rudisha sufuria jikoni.”

“Shibe!” Mama Kilalo aligeuka kuwatazama mawifi na mashangazi waliojaa sebuleni nyuma yake. “Mmesikia wenyewe? Mtoto wa watu ametapika hata maji mimba nzima, leo kameza vijiko viwili vitatu, anatokea mtu anasema ana shibe.”

“Vijiko vingapi?”

“Chakula cha mzazi hakihesabiwi.”

“Mimi ninahesabu. Ndiyo kazi yangu.”

Nilikuwa nimeziba mlango wa chumba kwa mwili wangu, na mwili wangu unatosha mlango. Yeye alikuwa ameshika sufuria ya mtori, inafuka moshi, samli imetanda juu. Nyuma yake sufuria nyingine nne zilikuwa zimepangwa sakafuni, kila moja imefunikwa kitambaa cha mwenyewe.

Ukoo ule kila mwanamke ana siku yake ya kumpikia mzazi. Leo wifi, kesho shangazi, zamu inazunguka mpaka mzazi atoke nje. Ni desturi nzuri. Nilipojifungua Nakunda ningeitamani. Lakini Wakesho, mke wa Kilalo, alikuwa hajala chakula cha maana kwa miezi mingi, kwa hiyo akina mama wakakaa kikao wakaamua kumfidia: zamu zote zianze siku moja. Wakapika wote. Walipika kwa upendo na kwa mashindano pia, maana hakuna aliyetaka sufuria yake irudi na chakula ndani.

“Mama Nakunda,” Mshai aliita kutoka chumbani. Mshai ni mkunga wa mtaa ule wa Chala, Jimbo la Nyika, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti. Alikuwa ameipaza. “Njoo uone miguu.”

Nikaacha mlango. Mama Kilalo akaingia nyuma yangu na sufuria yake.

Wakesho alilala ubavu, mtoto kando yake amefungwa vizuri, amelala kama mtu asiye na habari. Miguu ya mama yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Nilibonyeza kidole, shimo likabaki.

“Wakesho, mwanangu. Leo umeamkaje?”

“Mwalimu amesema tufunge dirisha,” alijibu.

Hakukuwa na mwalimu. Alikuwa anahema haraka, juu juu. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu.

“Asubuhi alikuwa anaongea vizuri,” alisema Mama Kilalo. Sauti ilikuwa imebadilika.

“Najua.”

Nilifungua kanga nikaweka kiganja chini ya mbavu za kushoto, pale kigawa kilipopandikizwa. Kigawa ni kitu kidogo, hakizidi kiberiti. Kinapima damu, kinatia chakula kwenye mshipa tone kwa tone, kinabeba akiba yake ya chumvi na vitamini. Wakesho aliishi kwa hicho miezi yote ile ambayo tumbo lilikataa kila kitu. Nilikipanga mwenyewe kama ngazi: kila baada ya saa kadhaa kipandishe sukari kidogo, kwa sababu nilikuwa nampandisha mtu asiyekula kwa mdomo. Mtoto akawahi kutoka wiki mbili kabla ya wakati wake. Sasa ngazi ilikuwa inapanda kutoka ndani, na sufuria tano zinashuka kutoka juu.

Namba zikatokea kwenye ngozi yake, za kijani hafifu. Fosfeti, moja ya chumvi za damu, ilikuwa imeporomoka. Potasiamu ilikuwa nyuma yake.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hujifunza kubana matumizi. Ukiuletea sukari nyingi kwa ghafla, kila chembe inaamka na kunyakua chumvi kutoka kwenye damu ili ifanye kazi. Damu inabaki tupu. Moyo unakosa nguvu ya kusukuma, misuli ya pumzi inachoka. Mgonjwa anakufa na sahani ikiwa kifuani. Dawa yake ni kurudi chini: punguza sukari, tanguliza vitamini B1, yaani thiamini, ongeza fosfeti na potasiamu, halafu panda upya polepole kwa siku kadhaa, jicho likiwa kwenye namba.

“Shusha glukosi ngazi nne,” nilikiambia. “Tanguliza thiamini.”

“Mkono huu hauna leseni hapa,” kilijibu kigawa.

Nilidhani nimeweka kiganja vibaya. Nikaweka tena.

“Mkono huu hauna leseni hapa.”

Nikageuza kifundo cha mkono. Kila mtu wa afya ana alama chini ya ngozi, mistari miwili. Wa kwanza ni wa jimbo lako la nyumbani. Wa pili ni wa Mkataba, unaokuruhusu kufanya kazi kwenye majimbo mengine yaliyotia sahihi. Wangu wa kwanza uling'aa kama kawaida, Jimbo la Mlima. Wa pili ulikuwa umezimika, umebaki kovu.

Mshai aliinua simu yake anionyeshe. Baraza la Leseni la Mlima lilikuwa limejitoa kwenye Mkataba adhuhuri ile. Sababu waliitoa kwa sentensi moja: Nyika inatunyonya wataalamu. Tangazo halikusema chochote kuhusu wagonjwa.

“Mimi ni wa Nyika,” Mshai alisema. “Alama yangu ni nzima.” Akaweka kiganja chake palepale.

“Mkono wa mkunga,” kilisema kigawa. “Hauna ruhusa ya lishe.”

“Kizimwe basi!” alisema Mama Kilalo.

“Kikizimwa kinazima na chumvi. Ndizo zinazomshikilia.”

“Hakijioni chenyewe kwamba kinamuua? Mashine gani isiyo na akili?”

“Kinaona. Tulikataa kiwe na uamuzi. Tulisema mashine isimpangie mtu chakula, apange mtu aliyesomea na anayeweza kuulizwa.” Nililisema hilo kwa fahari kwenye mikutano mingi. “Ngazi inapanda tena saa kumi. Toa mtori humu.”

Safari hii aliutoa.

*

Mshai alikuwa ameshaita gari la wagonjwa kabla sijafika. Lilikuwa upande wa pili wa jimbo, kwenye ajali, na lingefika jioni. Kwa hiyo nilitoka kibarazani nikapiga dawati la lishe la Nyika. Akapokea Bwana Mwachofi, mtaalamu wa zamu, nyuma yake kengele zinalia kama kuku wanaofukuzwa.

Nikamweleza. Nilieleza kwa ufupi, kwa sababu mtu anayejua kazi hahitaji hadithi.

“Sukari juu ya njaa,” alisema. “Fosfeti ngapi?”

Nikamtajia. Akapiga mluzi.

“Kifungu cha dharura?” niliuliza, kile kinachoruhusu kutibu bila leseni ya jimbo, ingawa nilikijua.

“Daktari, muuguzi, mkunga, mtu wa dawa ya usingizi. Sisi wa lishe hatumo, mama. Unakifahamu.”

Nakifahamu. Niliwahi kumuuliza mjumbe mmoja wa Baraza kwa nini hatumo, akacheka mpaka akashika meza. Mama Nakunda, alisema, chakula hakina dharura.

“Sikiliza,” alisema Mwachofi. “Nina wagonjwa karibu mia tatu waliokatika leo kutoka kwa watu wa Mlima. Siwezi kuwatazama wote. Lakini mkono wangu unafika popote Nyika nikiwa hapahapa mezani. Wewe uko mbele ya mgonjwa. Nitajie namba, mimi naweka mkono. Dakika moja tumemaliza.”

Mshai, aliyekuwa amesimama nami, alitikisa kichwa kwa nguvu: kubali, kubali.

Nami nilitaka kukubali. Nisijifanye. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

“Utamtazama kwanza?” niliuliza. “Nikushikie kamera. Umuone anavyohema, uone miguu, usome namba mwenyewe.”

“Mama, nimekwambia mia tatu.”

“Mmoja kati ya hao.”

“Wewe umeshamtazama. Nakuamini.”

“Kwa nini? Hujawahi kuniona.”

“Sauti yako haina wasiwasi.”

“Wapo waliozika wagonjwa bila wasiwasi wowote, Bwana Mwachofi.”

Akacheka kidogo, kwa uchovu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayezima moto kwa kikombe.

“Na saa moja baadaye?” niliendelea. “Huyu hatengenezwi mara moja. Atahitaji kubadilishwa tena, na tena, usiku huu na kesho na keshokutwa. Nikikupigia utakuwepo?”

“Utaingia foleni kama wengine.”

“Foleni ina muda gani sasa?”

Kengele ndizo zilizojibu.

Nilipokuwa nasoma diploma walitupa kesi moja tuijadili. Mwanamume mwenye figo mbovu aliongezewa potasiamu, akafa. Mkono uliowekwa ulikuwa wa mtu aliyekuwa harusini, jimbo jingine kabisa, simu sikioni, akisema ndiyo, ndiyo, weka. Aliyemtazama mgonjwa hakuwa na leseni pale. Aliyekuwa na leseni hakumtazama mgonjwa. Mahakama ilipotafuta wa kumuuliza haikumpata, kila mmoja alinyoosha kidole kwa mwenzake na wote walikuwa sahihi. Mkataba uliandikwa baada ya kesi kama hizo. Leseni ifuate mahali mgonjwa alipo, na anayeweka mkono awe ndiye aliyetazama. Tuliita ile mingine mikono ya kuazima, na tulilitamka neno hilo kama tusi.

“Shikilia namba yangu,” nilimwambia Mwachofi. “Kama saa kumi inafika na sijapata njia, nitakupigia na nitakubali. Ila nitaandika kwamba hukumuona.”

“Ukiandika hivyo siweki mkono.”

“Basi tumeelewana wote wawili,” nilisema, nikakata.

Mshai alinitazama kama anataka kunipiga kofi. “Wote watafanya hivyo leo, Mama Nakunda. Kila mji wa mpakani. Wewe peke yako ndiye utakayejifanya mtakatifu, na Wakesho ndiye atakayelipia?”

“Alisema foleni. Ulimsikia?”

“Nilisikia kwamba dakika hii angeshushwa.”

“Na usiku angepanda tena, kwa mpango ambao hakuna aliye karibu anayeruhusiwa kuugusa. Nikimtoa hatarini dakika moja nimfungie humo usiku kucha, hiyo ni dawa gani?”

Hakuridhika. Nami sikuwa nimeridhika. Alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ilikuwa inahema chumbani.

*

Mama Kilalo alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. Alitoka, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

“Mlima si pale tu?” Alinyoosha mkono kuelekea chini ya barabara, pale nguzo nyeupe ya mpaka inapoonekana juu ya paa la gereji. Ukitembea polepole hata jasho halikutoki. “Kule mkono wako unafanya kazi?”

“Unafanya.”

“Basi tumbebe.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake walishika vinywa. Mzazi wa nyumba ile haoni jua mpaka atolewe rasmi. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Mshai kelele juzi kwa kufungua pazia.

“Tumbebe na kitanda,” alisema. “Wanane tunatosha. Tutamzungushia shuka pande zote, jua halitamuona. Miguu yake haitagusa chini. Atakuwa hajatoka, nyumba ndiyo itakuwa imetembea.” Akawageukia. “Nani ana la kusema?”

Wawili walishaanza kuvua viatu.

Ilibidi nimwambie. Lilikuwa jambo gumu kuliko kugombana naye.

“Kigawa chake kimeandikishwa Nyika, Mama Kilalo. Tangu adhuhuri Mlima haivitambui vya Nyika. Tukivuka ile nguzo kinajifunga chote, chumvi na sukari. Nitakuwa na mkono halali na kitu kilichokufa.”

Alisimama. Niliona taya lake likisogea.

“Sasa mlisomea nini?” aliuliza, si kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Nilikuwa nimeshaliona jibu tangu nilipotazama alama, na nilikuwa nimelizunguka kama mtu anavyozunguka mbwa asiyemjua.

Kuna hamisho. Mtaalamu anaweza kubadili jimbo lake la nyumbani wakati wowote, palepale alipo, bila kumuomba mtu wa ofisi. Anatamka, anapata mwenyeji wa kumpokea, alama inageuka. Ila jimbo la nyumbani ni moja tu. Ukichukua la pili la kwanza linakufa, na huwezi kurudi mpaka miaka miwili ipite. Zamani haikuwa na uzito, kwa sababu mstari wa Mkataba ulikubakishia wagonjwa wako wa kule. Sasa hakuna Mkataba. Nikihamia Nyika, sitamgusa mgonjwa wa Mlima kwa miaka miwili.

Na Mlima nina wagonjwa arobaini na mmoja.

Nikampigia Aikande. Ana diploma kama yangu, na leseni yake bado inanukia mpya. Nimemfundisha mwaka mzima.

“Mama, umeona tangazo?” Alikuwa amejaa maneno. “Mzee Kihiyo ameshapiga mara mbili. Anauliza kama wewe utabaki. Nimemwambia huwezi kwenda popote.”

“Aikande, kaa chini.”

Nikamweleza kuhusu Wakesho, kisha hamisho.

“Ndicho Baraza wanachokisema,” alisema. “Kwamba Nyika inawachukua watu wetu. Leo hiihii, mama? Siku waliyosema, wewe ndiye utakuwa mfano wao?”

“Nitakuwa. Watanitaja kwenye taarifa ya habari.”

“Na Mzee Kihiyo?”

“Mzee Kihiyo atakataa mkono wako. Atasema wewe ni mtoto. Atakuwa mkali na pengine atakonda kidogo kabla hajakuzoea. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Usiligeuze kuwa lako.”

“Sijawahi kubadili potasiamu peke yangu.”

“Umebadili tangu mwezi wa tatu.”

“Ukiwa nyuma yangu!”

“Nilikuwa nyuma yako nikinywa chai, Aikande. Mara ngapi nilisema kitu?”

Akafikiri. “Mara moja.”

“Nilisema nini?”

“Ulisema chai haina tangawizi.”

“Haya.” Nilingoja pumzi yake itulie. “Sikulazimishi. Hao wote wako imara, nimewapitia wiki hii, hakuna aliye ukingoni. Huku yupo mmoja aliye ukingoni. Hiyo ndiyo hesabu yangu, na inaweza kuwa na makosa, kwa sababu aliye imara leo anaweza asiwe imara mwezi ujao, na mimi nitakuwa ng'ambo ya nguzo nikimtazama. Ukiniambia huwezi, siendi. Nitaazima mkono wa mtu na nitalala na aibu yangu. Lakini niambie sasa.”

Nilimsikia akipenga kamasi. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa.

“Naweza,” alisema. “Sitaki, ila naweza.”

“Anza na Mzee Kihiyo. Usimbembeleze. Mwambie fosfeti yake kwa namba, anapenda namba.”

Simu ya mwisho ilikuwa kwa mume wangu, Baba Nakunda. Alikuwa kazini, vyuma vinagongana nyuma yake.

“Unahama?” alirudia. “Kwenda wapi?”

“Chala, upande wa Nyika. Nyumba ya pili kutoka gereji.”

“Hapo si nakuona kutoka darini kwetu?”

“Utaniona. Sheria inasema nyumbani ni pale unapolala usiku mwingi wa mwaka. Kwa hiyo nitalala huku. Wewe huna leseni ya chochote, unaweza kulala popote.”

“Nikija nije na nini?”

“Neti. Na zile kandambili zangu.”

“Mama Nakunda,” alisema, na nilijua anafuta jasho kwa ile kofia yake, “kila mara ukisema unakwenda kumtazama mgonjwa mara moja, mimi huwa najipikia kwa siku mbili. Leo sijui nipike kwa siku ngapi.” Akacheka. Nami nikacheka, kisha nikainuka.

*

Walikuwa wamesimama wote chumbani kando ya kitanda. Mshai alikuwa ameshika kifundo cha mkono cha Wakesho, anahesabu kimya kimya. Pumzi ilikuwa imezidi kuwa fupi.

“Nahitaji mwenyeji,” nilisema. “Mtu wa Nyika mwenye nyumba, atamke kwamba ananipokea kukaa kwake. Mshai anaishi kwa kaka yake, hafai. Mama Kilalo.”

“Mimi?”

“Nyumba ni yako.”

“Kwa muda gani?”

“Miaka miwili.”

“Miaka miwili!” Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. “Na huo mdomo?”

Shangazi mmoja alishindwa kujizuia akacheka, akaziba uso kwa kanga.

“Natembea nao,” nilisema.

“Si useme tu?” alinong'ona Mshai. “Tamka, alama igeuke, halafu usiku nenda kwako ukalale. Nani atakufuata?”

“Nimekataa mkono wa mtu asiyemtazama mgonjwa. Halafu nichukue leseni ya mahali nisipolala? Nikisema nalala hapa, nalala hapa.”

Mama Kilalo alikuwa ananisikiliza. Akasogea mpaka akawa karibu yangu, sauti chini, tukawa kama tuko wawili tu.

“Atapona?”

“Sijui. Nikishusha sasa hivi, nafasi yake ni nzuri. Ngazi ikipanda tena kabla sijashusha, sikuahidi kitu.”

“Na ukishakuwa wa hapa, zile sufuria zangu utazifanya nini?”

“Utapika. Mimi nitasema kiasi. Tutagombana kila siku.”

“Mbele ya wageni?”

“Mbele ya yeyote.”

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepata bei aliyoitaka. “Kilalo akirudi atakuta nyumba ina mama wakwe wawili,” alisema. “Shauri yake. Nifanyeje?”

“Shika mkono wangu hapa, juu ya alama. Taja jina lako lote.”

Kiganja chake kilikuwa bado na joto la sufuria. Alinyooka.

“Mimi Mkawasi binti Mwamburi, mwenye nyumba hii ya Chala, Jimbo la Nyika, nampokea Namsifu Mshana akae kwangu.” Akaongeza, ingawa hakuna aliyemuomba: “Chumba cha nyuma. Ana kitanda chake.”

“Namsifu Mshana,” nilisema. “Mtaalamu wa lishe. Naacha Jimbo la Mlima kwa hiari yangu.”

Sikuwa nimejua kwamba inauma. Mstari wa Mlima ulichoma kama upupu, ukafifia, nikautazama ukienda. Miaka kumi na tisa ya kazi. Mahali pake ukapanda mwingine, mwekundu wa udongo, rangi ya Nyika.

Sikungoja kuuzoea. Nilipiga goti kando ya kitanda nikaweka kiganja chini ya mbavu.

“Thiamini kwanza, dozi kamili. Glukosi, shuka ngazi nne, futa mpango wote wa kupanda. Fosfeti juu, polepole, kwa muda wa saa sita. Potasiamu baada ya fosfeti, nusu ya kiwango.”

Kigawa kilitulia, kikanisoma. “Anayeweka mkono amemtazama mgonjwa?”

“Nimemtazama,” nilisema, na nikabonyeza.

Kilitetemeka chini ya kidole changu, kikaanza.